Je, Ni Haki Mwenye Mali Alipe Kodi Kubwa Zaidi?

Swali hili huulizwa mara nyingi vijijini, hasa wakati wa kukusanya kodi. Mmoja husema: «Sheria ni moja kwa wote, basi na kodi iwe moja.» Mwingine hujibu: «Mimi nina shamba dogo, jirani yangu ana duka na lori. Tutalipaje sawasawa?» Wote wawili wanataja haki. Inafaa kuchungua ni nani asemaye kweli.

Nchi ya Kongo yenyewe ina fundisho juu ya jambo hili. Mwaka 1910 Serikali ya Wabelgiji iliweka kodi ya kichwa, ya kulipwa kwa fedha. Kila mwanamume mzima alidaiwa kiasi kilichopangwa kwa eneo lake, awe na mali au asiwe nayo. Mwenye wake wengi aliongezewa. Kisha mwaka 1931, katika nchi ya Wapende huko Kwango, bei ya matunda ya michikichi ilianguka sana. Fedha zilipungua mikononi mwa watu, lakini kodi haikupungua pamoja nazo. Tena watu walilazimishwa kukata matunda ya michikichi. Uchungu ukazidi, maasi yakatokea, na mamia ya Wapende wakauawa. Kodi ilikuwa sawa kwa kila kichwa, lakini haikuwa ya haki.

Kwa nini haikuwa ya haki? Mfano utaonyesha. Kuna nyumba mbili katika kijiji kimoja. Ya kwanza imevuna magunia 10 ya mahindi: 9 ni chakula mpaka mavuno mengine, na 1 ni mbegu. Ya pili imevuna magunia 100, na kwa chakula na mbegu yahitaji 20 tu. Sasa daraja la kijiji limevunjika, na kwa kulitengeneza yatakiwa magunia 11. Kama kila nyumba ikitoa magunia 5 na nusu, watoto wa nyumba ya kwanza watalala njaa. Kama kila nyumba ikitoa sehemu moja ya kumi, ya kwanza itatoa gunia 1, ya pili 10. Hapo wengi watasema: «Sasa ni haki.» Lakini wahesabu tena. Nyumba ya kwanza imetoa mbegu yake. Nyumba ya pili ingali na magunia 70 kupita mahitaji yake.

Basi haki ya kodi haipimwi tu kwa kile kinachotoka nyumbani, bali pia kwa kile kinachobaki. Ndivyo Bwana Yesu alivyopima alipomtazama mjane maskini hekaluni, aliyetia sarafu mbili ndogo asibakiwe na kitu. Papa Yohane wa XXIII naye, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba mizigo ya kodi yapasa kulingana na uwezo wa wale wanaoilipa.

Lakini mwenye mali aweza kusema: «Mimi niliamka mapema, nikafanya kazi. Kwa nini niadhibiwe kwa bidii yangu?» Neno hili lisidharauliwe. Mali iliyopatikana kwa jasho ni yake kweli, na anayemhusudu jirani hutenda vibaya, hata akijificha nyuma ya neno haki. Lakini lori la tajiri lapita juu ya daraja lile lile. Karani wake alijifunza kusoma katika shule iliyojengwa kwa jasho la wengi. Aliyefaidiwa zaidi na mali ya wote, arudishe zaidi. Hiyo si adhabu, ni deni.

Deni hilo lina mipaka. Kodi isiwe nzito hata mwenye duka alifunge na wafanyakazi wake wakose mshahara. Tena mtoza kodi atoe risiti na hesabu, maana kodi inayoishia mfukoni mwake ni wizi, iwe imetoka kwa tajiri au kwa maskini.

Wala mtu asiseme kwamba maskini halipi kitu. Mwezi wa Januari 2012 Kongo ilianza kutoza kodi iitwayo TVA, asilimia 16, iliyomo ndani ya bei ya bidhaa nyingi. Anayetumia fedha zake zote dukani hutozwa juu ya zote. Anayeweka nusu akiba hutozwa juu ya nusu tu. Katika kodi ya namna hii, maskini ndiye abebaye mzigo mzito.

Basi mkatekumeni afanye nini? Alipe kodi ya halali pasipo udanganyifu, na adai risiti yake. Asimchukie jirani kwa sababu ya mali yake. Na siku atakapovuna yeye mwenyewe magunia 100, asisahau hesabu aliyoifanya alipokuwa na 10.