Uaminifu wa Mpokezi Uko Sikioni

Mtu anayetufikishia hadithi ya Mtume kutoka kwa waliomtangulia tunamwita mpokezi. Tunachokiona sisi ni kinywa chake: amesema, amesimulia, amefundisha. Lakini Kiswahili hakikumwita msemaji. Kilimtaja kwa tendo tusiloliona, la kupokea, kana kwamba kazi yenyewe ilikwisha kufanyika sikioni na kusema ni matokeo tu. Huenda ni bahati ya lugha. Hata hivyo swali lililojificha humo ni zito kwa kila aliyebeba neno la mwenziwe, awe mwalimu wa madrasa, mkalimani mahakamani, mshenga anayepeleka posa au mwandishi wa habari: uaminifu wa mwenye kufikisha neno unakaa wapi? Jibu la haraka ni kwamba unakaa mdomoni, yaani asiongeze, asipunguze, asibadilishe. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo halitoshi. Uaminifu huharibika mapema zaidi, kwenye kusikia, na kinachomziba mpokezi masikio mara nyingi ni sauti yake mwenyewe. Ushahidi wangu nautoa mahali pasipotarajiwa: kwenye mtambo wa redio ulio juu ya mlima, na kwa mafundi wanaouhudumia bila malipo.

Mtambo huo huitwa ripita. Redio ya mkononi ya wati 5 katika masafa ya mita 2 haiwezi kuvuka mlima, kwa kuwa mawimbi yake husafiri karibu kama mwanga, yakikutana na mlima hukwama. Basi juu kileleni huwekwa mtambo unaoipokea sauti dhaifu ya bonde moja kwa masafa fulani na papo hapo kuirusha kwa nguvu, kwa masafa mengine, hadi bonde la pili. Watu wa redio ya ridhaa, wanaoruhusiwa kuwasiliana kwa kujifunza na kusaidiana wala si kwa faida, walikuwa wakijenga ripita za sauti huko Marekani, kwenye vilima vya Los Angeles, katika miaka ya 1950. Baadaye wengi walinunua redio kuukuu za teksi na polisi, wakazifumua, wakazibadilisha masafa na kuzipandisha milimani. Kwa mtazamo wa juujuu kazi ni rahisi: chukua redio moja inayosikia na nyingine inayosema, ziunganishe kwa waya. Kila aliyejaribu hivyo aligundua kwamba mtambo wake unasema vizuri mno na hausikii chochote.

Sababu yake inafaa kuelezwa kwa tarakimu. Ripita husikia na kusema kwa wakati mmoja, na mara nyingi kwa antena moja. Katika ripita ya kawaida ya mita 2, masafa ya kupokea na ya kurusha yametengana kwa kilohezi 600 tu, ambazo katika ujirani wa megahezi 145 ni chini ya nusu ya asilimia moja. Kinachotoka ni, tuseme, wati 50. Kinachoingia, mtu akiita kutoka mbali, kinaweza kuwa mikrovolti 0.2. Ukilinganisha nguvu hizo mbili, ya kwanza inaizidi ya pili kwa kiasi cha mara 6 ikifuatwa na sifuri 16. Ni sawa na kumtaka mtu apige baragumu kwa pumzi zake zote na wakati huohuo asikie mnong'ono wa ng'ambo ya mto. Ndiyo maana sehemu kubwa na ghali katika chumba cha ripita huwa haihusiki na kusema hata kidogo. Ni dupleksa, safu ya mitungi ya chuma, mara nyingi minne au sita, kila mmoja ukiwa na fimbo ndani yake inayosogezwa taratibu kwa skrubu mpaka mtungi upitishe masafa yanayotakiwa na kuyazuia yale mengine. Mitungi hiyo haiongezi nguvu. Kinyume chake, inakula kiasi cha wati zilizogharimiwa. Kazi yake ni moja, kulilinda sikio la mtambo dhidi ya kinywa cha mtambo.

Mitungi ikilegea, au kebo ikiingia maji, ripita hupatwa na uziwi. Uziwi huu una tabia ambayo kila mwenye kufikisha maneno ya watu angefaa kuitafakari: hauonekani kutoka ndani. Mtambo unaendelea kusikika mkoa mzima, sauti imejaa, mwenye nao anajivunia. Walio karibu wenye nguvu ya kutosha wanapita bila shida na kuusifu. Anayepotea ni yule wa mbali mwenye betri iliyokaribia kwisha, na huyo hana njia ya kulalamika, maana lalamiko lake lingelazimika kupita kwenye sikio lilelile lililoziba. Kwa hiyo ukimya wa walalamikaji hauthibitishi kitu. Mafundi wa Marekani wana jina la kejeli kwa ripita ya namna hii: wanaiita mamba, mdomo mkubwa na masikio madogo. Wahenga wa kwetu walisema nyani haoni kundule. Hapa tunaweza kuongeza kwamba hata wenziwe wa nyuma wanaoliona hawawezi kumwambia, kwa kuwa anapiga kelele.

Tiba yake nayo ina mpangilio wa kufundisha. Fundi haanzi kwa kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Anaingiza kwenye sikio la mtambo ishara dhaifu inayojulikana kipimo chake, anasikiliza huku mtambo wa kurusha umezimwa, kisha anauwasha. Kiwango cha kelele kikipanda pale tu mtambo huo ulipowashwa, basi mtambo unajiziba wenyewe. Halafu anaondoa antena na kuweka mahali pake antena bandia inayokula nguvu bila kuitoa hewani. Uziwi ukitoweka, kosa liko nje: pengine kwenye kebo, pengine kwenye nati yenye kutu mnarani inayozaa kelele kila upepo unapoitikisa. Ukibaki, kosa liko ndani, na hapo linakuja swali la mwisho, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Je, sikio linazidiwa na nguvu ya sauti kuu ya mtambo, au sauti hiyo inatoka ikiwa na uchafu unaoangukia palepale sikio linaposikiliza? Kosa la kwanza linatibika kwa kuchuja upande wa kupokea. La pili halitibiki huko hata uongeze mitungi kumi, kwa sababu uchafu umekwisha kuvaa masafa ya ujumbe halali na kichujio hakiwezi kuvitenganisha. Lazima uondolewe kinywani kabla haujatoka. Mpokezi mwenye tamaa ya kusifiwa yuko katika hali hiyohiyo: makini yoyote atakayoongeza katika kusikiliza haitamfaa, maana sifa anayoitafuta imekwisha kuvaa sauti ya neno analolingoja.

Wanazuoni wa hadithi waliyafikia haya karne nyingi kabla ya redio. Mpokezi hakukubaliwa kwa uadilifu wake peke yake. Walitaka pia dhabt, yaani umadhubuti wa kushika alichosikia kama alivyokisikia, na wapo wacha Mungu ambao hadithi zao ziliachwa, si kwa kushukiwa uongo, bali kwa udhaifu wa kushika. Ata bin al-Saib alikuwa mpokezi anayetegemewa ambaye kumbukumbu yake ilichanganyika uzeeni. Waliomchunguza hawakumtupa mzima wala hawakumkubali mzima, bali walitofautisha waliomsikia kabla ya kuchanganyikiwa na waliomsikia baada yake. Fundi anayeandika kwenye daftari lake kwamba ripita ilikuwa nzima mpaka mvua za mwezi uliopita anafanya hesabu ya aina hiyo. Tena wanazuoni hao, ambao usengenyaji kwao ni dhambi, waliruhusu kasoro za wapokezi zitajwe waziwazi, kwa hoja kwamba kunyamaza kungekuwa khiyana kwa wanaotegemea neno lenyewe. Sababu yao inaeleweka zaidi tukikumbuka uziwi usioonekana kutoka ndani. Mpokezi hawezi kuwa shahidi wa sikio lake mwenyewe. Kumpima kutoka nje ni kumsaidia awe alivyokusudia kuwa.

Atakuja mtu aseme kwamba mlinganisho huu umepinda tangu mwanzo. Uaminifu ni sifa ya mwenye nia, na chuma hakina nia. Ripita haiwezi kuwa mwaminifu kama vile bomba haliwezi kuwa mkarimu. Hilo nalikubali, na ndilo linaloupa mtambo thamani ya ushahidi. Kwa binadamu makosa ya nia na makosa ya kusikia yamefungamana kiasi kwamba tukipotoshewa neno tunakimbilia kuuliza nani amedanganya. Mtambo hauna uongo wala husuda, na bado unapotosha. Kwa hiyo yapo mapungufu ya upokezi yasiyozaliwa na nia mbaya, na nia njema peke yake haiyatibu. Nia ikikosekana kwenye chuma, iko kwa fundi aliyeamua kupanda mlima kupima sikio ambalo hakuna aliyelilalamikia. Amana haikutoweka, imehamia kwake.

Wa pili atasema kinyume chake: ikiwa sauti ya mpokezi ndiyo adui, basi mpokezi bora ni yule asiye na nafsi kabisa, mfereji tu. Mawazo haya yana heshima katika tasawufi, na yana mvuto. Lakini ripita iliyojengwa kama mfereji haidumu hata saa moja. Isipokuwa na skwelchi, lango linalobaki limefungwa mpaka sauti ya kweli ifike, itarusha mvumo mtupu usiku na mchana. Debe tupu haliachi kuvuma. Isipotegea toni maalumu, ya hezi 100 kwa mfano, iliyo chini ya sauti ya mazungumzo, itafunguliwa na kila kelele ya jirani. Isipokuwa na saa ya kukata, iliyotegwa mara nyingi kwenye dakika 3, kitufe kimoja kilichokaliwa garini kitawanyamazisha wote. Na ni lazima ijitambulishe: Marekani angalau kila dakika 10 wakati wa mazungumzo, kwa alama yake ya wito, kama vile alama za Tanzania zinavyoanza na 5H na za Kenya na 5Z. Kujitambulisha huko hufanywa kwa sauti ya chini, isimfunike msemaji, lakini hufanywa, ili msikilizaji ajue kwamba neno hili limepita mkononi mwa mtu wa kati. Wanahadithi walikuwa na jina kwa kuficha mtu wa kati: tadlisi, na waliihesabu kuwa aibu ya mpokezi. Kujifuta kabisa, basi, kunaweza nako kuwa udanganyifu. Nafsi inayotakiwa ni ile yenye kuamua lini ifunge lango, na yenye kukubali kutajwa.

Pingamizi la tatu ni la kisheria na ni la zamani: mjumbe hauawi. Aliyefikisha hana dhima ya kilichosemwa. Kanuni za redio ya ridhaa za Marekani zinakubaliana na wahenga, kwani zinasema msimamizi wa ripita hawajibiki kwa maneno yaliyovunja kanuni endapo yalirushwa na mtambo wake bila kukusudia. Ni haki, kwa sababu hakuna ambaye angekubali kuacha mtambo wazi kwa watu wote kama angebeba dhambi za kila kinywa. Lakini tazama ulipo mpaka wa msamaha huo: bila kukusudia. Msimamizi yupo, ana njia ya kuuzima mtambo kutoka mbali, na akiisha kujua hawezi tena kujikinga na methali. Zaidi ya hapo, methali inamwondolea mjumbe lawama ya ujumbe. Haimwondolei lawama ya ujumbe mwingine uliokufa mlangoni kwake bila kusikiwa. Tumezoea kumhukumu anayefikisha kwa alichosema. Mtambo unatukumbusha daftari la pili, lisilo na mashahidi, la ambao hawakufikishwa.

Katika daftari hilo la pili ndipo ninapopata maana ya uamuzi mmoja ambao mafundi huufikia baada ya kujaribu kila kitu. Mitungi imerekebishwa, kutu imesuguliwa, na bado sikio ni zito. Basi wanapunguza wati. Kushuka kutoka 100 hadi 25 hupunguza kidogo tu eneo ambalo ripita inasikika, ila wa mbali waliokuwa wamepotea wanaanza kusikiwa. Mtambo umedogoshwa na kazi yake imekua. Na msemaji anapoachia kitufe, ripita nzuri haizimi hapohapo. Inabaki hewani sekunde chache bila neno, muda ambao watu wa redio wanauita mkia, na watumiaji wenye adabu hawaudandii. Wanauacha upite kabla ya kujibu. Hakuna ujumbe ndani ya mkia huo. Umeachwa wazi kwa ajili ya mtu ambaye hakuna anayejua kama yupo, mwenye dharura na betri inayokwisha, ili akiita apate sikio lisilo na shughuli nyingine.