Kila Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake

Methali hii tumeizoea kama lawama. Mtu husimama barazani, Wete au Chake Chake kisiwani Pemba, akazungumza kwa maneno mazito ya haki, dini na uzalendo. Msikilizaji akihisi kwamba nyuma ya maneno yale pana maslahi, humkata kauli kwa methali hii, na mazungumzo yakaishia hapo. Naona tunaipunja. Anayejua kuwamba ngoma anajua kwamba ngozi isiyovutwa haitoi sauti, na ikivutwa upande mmoja tu hukaa mshazari au huchanika. Methali haikusema kuvuta ni dhambi. Inatutaka tumjue anayevuta, tujue amesimama wapi, kisha tuangalie kama wa upande wa pili naye ameachiwa nafasi ya kushika.

Pemba imesikia mahubiri mengi juu ya karafuu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuipa nguvu Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 ikaikabidhi jumuiya hiyo hatamu za biashara ya zao lote. Sababu iliyotangazwa ilikuwa njema: kumwokoa mkulima aliyezama katika madeni. Wafanyabiashara wa Kihindi nao wakajibu kwa lugha ya haki na usawa, wakagoma, na huko India chama cha Congress kikaunga mkono kususiwa kwa karafuu za Zanzibar mpaka mapatano yalipofikiwa mwaka 1938. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli wao. Madeni yalikuwepo, na ubaguzi ulikuwepo. Lakini ushuru wa karafuu ndio uliokuwa ukiilisha serikali, na biashara ya karafuu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wafanyabiashara. Mchumaji aliyepanda mkarafuu na kulipwa kwa pishi hakuitwa kwenye meza yoyote kati ya hizo, ingawa kila mmoja alidai kuwa na uchungu naye.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mnunuzi wa karafuu akawa serikali, kupitia shirika lake la biashara, ZSTC. Lugha nayo ikabadilika. Aliyevusha magunia usiku kwenda pwani ya Kenya aliitwa mhujumu na msaliti, na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo kikapewa kazi ya kumkamata. Mkulima naye alikuwa na neno lake, jasho langu, lakini akilisema kwa sauti ya chini. Hapakuwa na gazeti wala mkutano wa kuuliza bei ya dunia ni shilingi ngapi na inayomfikia yeye ni ngapi. Mwaka 2011, chini ya Rais wa Zanzibar Dk. Ali Mohamed Shein, bei ya mkulima ilipandishwa sana. Kwangu mimi hilo lilikuwa kukiri kwamba ugomvi wa miaka yote ile ulihusu bei zaidi kuliko mapenzi ya nchi. Ungeweza kumalizwa mapema kama yule aliyeitwa msaliti angeruhusiwa kutaja hesabu zake hadharani.

Hapo ndipo ninapoona madhara ya kuhubiri katika siasa. Mwenye maslahi akiyataja, unaweza kukaa naye mkapatana: yeye apunguze, nawe upunguze. Anayejivika vazi la haki tupu hapunguzi, kwa sababu kupunguza kwake kungekuwa dhambi, na wewe unayembishia unageuka adui wa haki yenyewe. Tazama uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ikaundwa na vyama vya ZNP na ZPPP, hiki cha pili kikiwa na nguvu zake Pemba, na Mohammed Shamte wa Pemba akawa Waziri Mkuu. Walioshinda walisema sheria ni sheria. Walioshindwa walisema wengi wameporwa. Mwaka 1995 chama cha upinzani cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na katika urais wa Zanzibar Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Safari hii CCM, warithi wa ASP, ndio waliosema sheria ni sheria. Hoja zilibadilishana wenyewe, na kila upande ulizitamka kwa imani ileile.

Lakini methali ina hatari yake, na waovu wanaijua. Ukiamini kwamba kila kauli ni kuvutia kwake tu, hutasikia kilio chochote. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Pemba, watu zaidi ya 30 wakauawa Zanzibar, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Chama cha upinzani kilinufaika kisiasa kwa kudai uchunguzi? Bila shaka. Madai yenyewe hayakuwa ya uongo kwa sababu hiyo. Kujua maslahi ya msemaji kunakuonyesha mahali pa kuchunguza. Hukumu hutoka kwenye ushahidi.

Ndiyo maana kufungiwa kwa gazeti la Dira mwezi Novemba 2003 kulikuwa hasara hata kwa wasiolipenda. Lilikuwa na upande wake, kama yalivyokuwa magazeti ya Mwongozi na Afrika Kwetu zama za siasa, kabla ya Mapinduzi. Gazeti lenye upande hujibiwa na gazeti jingine lenye upande, na msomaji akapima. Likifungwa, anayebaki huonekana hana upande, kumbe ana wake na hana wa kumjibu.

Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif yalifika mbali kwa sababu swali la nani mzalendo liliwekwa kando, likaja la nani atapata nini. Kura ya maoni ya Julai 31, 2010 iliyakubali kwa takriban theluthi mbili. Oktoba ile Maalim Seif alishindwa tena kwa tofauti ndogo, akakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hakuhubiriwa uvumilivu, alipewa nafasi. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa kwa jina la haki na utaratibu, kura za Pemba zikitajwa miongoni mwa sababu, na CUF ikasusia marudio ya Machi 20, 2016. Waliosifu uamuzi ule waulizwe bado, kwa adabu na bila kutukanwa: kama chama chao ndicho kilichokuwa kikiongoza katika hesabu siku ile, wangeusifu?