Kumkisia Aliyepotea

Asubuhi ya tarehe 22 Julai 2013, katika kibanda cha wasafiri wa miguu kwenye milima ya Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, mwanamke wa miaka 66 alipigwa picha na msafiri mwenzake. Amebeba mzigo mgongoni, anatabasamu, yuko tayari kuondoka. Alikuwa muuguzi mstaafu, na tangu Aprili alikuwa akitembea Njia ya Appalachian, ambayo kwa ujumla ina urefu wa kilomita zipatazo 3,500 na hupita katika majimbo 14. Mumewe alimfuata kwa gari, wakikutana pale njia inapokata barabara ili ampe chakula. Walikuwa wamepanga kukutana tarehe 23. Hakutokea.

Jina lake sitaliandika, kwa kuwa limeshazungushwa vya kutosha vinywani mwa watu ambao hawakumjua. Askari wa wanyamapori wa jimbo la Maine walianza mojawapo ya misako mikubwa kuwahi kufanywa katika jimbo hilo, na umma nao ukaanza msako wake wa maneno. Wapo waliosema ameuawa na mtu aliyekutana naye njiani. Wengine walitazama ramani, wakaona karibu na hapo pana eneo la jeshi la wanamaji ambamo askari hufundishwa kuishi porini na kumkwepa adui, wakaunganisha mambo mawili yasiyokuwa na kamba ya kuyafunga pamoja. Mume wa mwanamke aliyepotea naye, popote pale duniani, hutazamwa kwa jicho la pembeni hata kabla ya kuhojiwa. Miaka miwili ikapita hivyo.

Oktoba 2015 mpimaji wa misitu alilikuta hema lake ndani ya eneo hilo la jeshi, pungufu ya kilomita tatu na kidogo kutoka kwenye njia. Ndani yake palikuwa na mabaki ya mwili, na pembeni daftari lililohifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakukuwa na muuaji. Asubuhi ileile ya picha alitoka njiani hatua chache kwenda haja, akashindwa kuiona tena njia. Saa tano alimwandikia mumewe ujumbe wa simu kwamba amepotea. Mtandao haukuwepo. Alipanda juu kuutafuta, akajaribu tena na tena, na hakuna ujumbe hata mmoja uliofika.

Wahenga walituachia kauli kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mara nyingi hutumika kama muhuri wa kuhalalisha uvumi: watu wote hawa hawawezi kusema bure, lazima kuna kitu. Katika msitu wa Maine lililosemwa halikuwepo na halikuja. Hata hivyo siamini kwamba kauli hiyo ni ya kijinga. Ilizaliwa katika vijiji na mitaa ambamo kila mtu anauona mlango wa mwenzake. Jirani anayesema kwamba bibi fulani hajafungua dirisha tangu juzi ameliona dirisha hilo kwa macho yake, na maneno ya majirani kumi yanabeba macho ishirini. Uvumi wa namna hiyo una mizizi ardhini. Mtu aliye umbali wa maelfu ya kilomita, ambaye hajawahi kukanyaga msitu ule wala kumsikia mwanamke yule akizungumza, hana dirisha analoliona. Anaazima nguvu ya kauli ya wahenga bila kuwa na kitu kilichoipa nguvu hiyo.

Haitoshi, basi, kusema kwamba kukisia ni kubaya. Waliomtafuta walikuwa wakikisia tangu asubuhi hadi usiku, na hawakuwa na njia nyingine. Mtafiti wa Marekani, Robert Koester, alikusanya maelfu ya kumbukumbu za watu waliopotea, akatoa kitabu mwaka 2008 kinachoonyesha watu wa aina mbalimbali huelekea wapi wakipotea. Wazee wenye maradhi ya kusahau, kwa mfano, mara nyingi huendelea mbele hadi wanapokwama kwenye kichaka au mtaro, na hawaitiki wakiitwa. Makisio kama hayo yameokoa watu wengi. Mwanafalsafa Charles Sanders Peirce, pia Mmarekani, aliona kwamba hakuna elimu mpya inayoanza bila mtu kuthubutu kukisia. Aliongeza sharti moja: kisio ni swali, na mwenye kuuliza anadaiwa kwenda kulijaribu.

Hapo ndipo ninapouona mpaka. Askari anayekisia kwamba mwanamke huyo ameshuka bondeni analilipia kisio lake. Anavaa buti, anashuka na mbwa, anakatwa na matawi, na jioni anarudi na jibu: hayupo upande huu. Kisio limekufa, na kufa kwake kumepunguza eneo la kutafuta. Hata likiwa halijafa kwa haki, limekuwa kazi. Mbwa wa msako walipita ndani ya takriban mita mia moja ya hema lile bila kuligundua, kwa kuwa msitu ni mnene mno na kivuli chake kizito. Wale askari walikosea kwa miguu yao wenyewe, na kosa la namna hiyo linastahili heshima. Kisio la barazani halimgharimu aliyelitoa chochote. Likibainika kuwa uongo, hakuna siku ambayo mwenyewe atarudi kusema hayupo upande huu. Anahamia kisio jingine, na lile la kwanza linaendelea kutembea bila yeye, likigonga mlango wa mume, wa mtoto, wa kijana aliyekutwa karibu na njia siku ile.

Mtu anaweza kunijibu kwamba miongoni mwa makisio yote yale, mengine yalikuwa sahihi. Ni kweli. Bila shaka wapo waliosema tangu siku ya kwanza kwamba huyu mama amepotea tu, yuko msituni. Swali hili ni la zamani. Katika mjadala wake uitwao Meno, Plato anamfanya Socrates aulize habari ya njia ya kwenda mji wa Larissa: mtu asiyewahi kufika huko lakini aliyekisia njia sawasawa, je, hatawaongoza wenzake vizuri kama yule anayeijua? Socrates anakubali kwamba atawaongoza. Tofauti anayoiweka ni kwamba dhana iliyo sahihi haikai. Hutoroka moyoni mpaka ifungwe kwa sababu. Nikilipeleka jambo hilo Maine, naona kwamba aliyekisia sawa hakuwa na kitu cha kumzuia asikisie tofauti siku ya pili, habari ya muuaji ilipochangamka. Usahihi wake ulikuwa wa bahati. Wala haukumsogeza yeyote hata hatua moja karibu na hema, na hema ndilo lililokuwa likitafutwa.

Kwa nini basi umma ulimpenda muuaji asiyekuwepo? Nadhani ni kwa sababu sisi binadamu tunataka chanzo kilingane na msiba. Kifo cha mtu ni kikubwa, na familia nzima kuvunjika moyo ni jambo kubwa. Akili inagoma kupokea kwamba haya yote yametoka kwenye hatua chache za mtu aliyetafuta faragha nyuma ya miti. Mwovu anatuliza, kwa kuwa ana ukubwa unaofaa. Anatuliza pia kwa namna nyingine: mwovu anaweza kukamatwa, na sisi tusiotembea peke yetu milimani tunaweza kujihesabu tuko salama. Miti haikamatwi. Kubali kwamba ilikuwa miti tu, na itabidi ukubali kwamba mama yako anaweza kutoka nyuma ya nyumba akachume mboga asirudi, bila yeyote kuwa amemtakia mabaya.

Haja hiyo ya kumpata mkosaji haikuisha hata daftari lilipopatikana. Ilibadilisha shabaha. Taarifa ya uchunguzi ilipotolewa mwaka 2016, maneno yakamgeukia marehemu: kwa nini alitoka njiani, kwa nini alipanda badala ya kushuka, mwanamke wa umri ule alifuata nini porini? Neno umri lilirudi mara kwa mara. Kwetu huku tunayajua haya kwa uchungu zaidi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Mei 2008, katika eneo hilohilo la Kisii, watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto kwa tuhuma kama hizo. Upande wa Tanzania, kule Usukumani, bibi vizee wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo wekundu wake umetokana na moshi wa kupikia wa maisha yote. Sisemi kwamba maneno ya barazani kuhusu msafiri wa Maine na mauaji ya Kisii ni dhambi moja. Ninachokiona ni kwamba jambo lisiloeleweka linapotafuta pa kutua, mwanamke mzee yuko karibu sana. Ama anafanywa mhusika wa balaa, ama anafanywa mtu asiyejiweza ambaye balaa limempata kwa sababu hakukaa nyumbani. Katika hali zote mbili haulizwi.

Na mwanamke huyu wa Maine, alipopata nafasi ya kusema, alijulisha mambo ambayo hakuna aliyeyakisia. Waliomfahamu walieleza kwamba alikuwa akiogopa giza na kukaa peke yake. Kambi yake ilisimulia habari nyingine. Hema lilisimamishwa juu ya tandiko alilolijenga mwenyewe kwa matawi, udongo na majani ya misonobari ili maji yasimfikie. Miti ya karibu ilikuwa na weusi wa moto uliowashwa na mkono wa mtu, dalili kwamba alijaribu kuonekana. Daftari lina tarehe zinazofika 18 Agosti. Aliishi pale karibu wiki nne, kila usiku gizani, kila usiku peke yake. Tarehe 6 Agosti aliandika ombi kwa yeyote atakayeukuta mwili wake: awaite mumewe na binti yake, kwani kujua kwamba amekufa na mahali alipokutwa kutakuwa hisani kubwa kwao, hata kama ni baada ya miaka mingi.

Tarehe hizo hunikaa rohoni kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Mwishoni mwa Julai watu walikuwa wameshaanza kumzungumza kwa wakati uliopita. Alikuwa hivi, alikosea vile, aliuawa na fulani. Naye muda huo alikuwa hai, anapanga matawi, anaandika, anawaza namna ya kuwapunguzia wenzake maumivu. Kumkisia aliyepotea kuna hatari hii ambayo haipo katika kumkisia mfalme wa karne zilizopita: unayemsimulia kama hadithi iliyokwisha huenda bado anasubiri kuokolewa. Qur'ani, katika Surat Al-Hujurat, haikatazi kila dhana. Inaamuru kujiepusha na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi, na mara baada ya hapo inakataza kupelelezana na kusengenyana. Naona mpangilio huo una hekima kubwa. Wingi wa dhana ndio unaozalisha dhambi, kwa sababu katika wingi mtu hawezi tena kujua ni ipi imemgusa aliye hai.

Tangazo la aliyepotea, lile linalosomwa redioni au kwenye kipaza sauti cha msikiti, linatambua jambo hili bila falsafa yoyote. Bibi amevaa gauni la rangi gani, amejitanda kanga ya namna gani, ameonekana wapi mara ya mwisho na saa ngapi, anaitikia jina gani, ukimwona umpeleke wapi. Halimtaji mkosaji wala halielezi sababu. Kila neno lake ni la kumwezesha mtu kunyanyuka na kwenda kutazama.

Mtaalamu wa tiba ya familia Pauline Boss, aliyefanya kazi na familia za marubani wa Marekani waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha kwamba msiba wa aliyepotea una ugumu wake wa pekee: mtu hayupo, na hajafa. Familia haiwezi kuzika wala kungoja kwa utulivu. Kila kisio la umma linaingia ndani ya nyumba hiyo na kuisukuma upande mmoja, leo kwenye tumaini, kesho kwenye hofu ya mauaji. Yule mama aliielewa hali hiyo bila kusomea. Hakuomba katika daftari lake kwamba watu waeleze kwa nini amekufa. Aliomba wenzake waambiwe yuko wapi.

Watu bado wanauliza kwa nini hakushuka kufuata maji. Sidhani anatudai jibu, wala sisi hatumdai. Umma ulioneshwa mistari michache tu ya maandishi yake, ile iliyohitajika kueleza alivyopotea na alivyokufa. Mengine yalikwenda kwa familia yake, nao hawakuona sababu ya kutusomea.