Hodi za Wawili Wawili: Tafakari ya Luka 10:1–20

Sura ya kumi ya Luka inaanza na maagizo ya safari. Yesu anawateua wafuasi sabini, anawapanga wawili wawili na kuwatanguliza katika kila mji anaokusudia kufika mwenyewe. Wasibebe mfuko wa fedha wala mkoba. Wakiingia nyumbani mwa mtu, salamu yao ya kwanza iwe ya amani. Wale watakachoandaliwa. Wakikataliwa, wakung'ute mavumbi ya mji huo na kushika njia. Kukataliwa, basi, kumo ndani ya maagizo yenyewe, hata kabla hawajapiga hatua ya kwanza. Bwana hakuwaficha.

Maagizo hayo yanafuatwa kwa karibu sana na vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao mitaani huitwa Wamormoni. Watu wengi wa Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi wamewahi kupishana nao: vijana wawili wenye mashati meupe na tai, kibao cheusi cha jina kifuani, wakikatiza jua la saa nane mchana. Ulimwenguni kote wako zaidi ya 70,000. Wavulana hutumika miezi 24 na tangu mwaka 2012 wanaweza kuanza wakiwa na miaka 18; wasichana hutumika miezi 18. Hakuna mshahara. Kwa wanaotoka nchi tajiri, mchango wa kawaida wa kumtunza mmisionari mmoja ni dola 500 kwa mwezi tangu 2020.

Wakristo wengi wa makanisa mengine hawakubaliani na mafundisho yao, hasa kuhusu Kitabu cha Mormoni, wanachokihesabu kuwa maandiko matakatifu, na tofauti hizo si ndogo. Hata hivyo, anayetaka kuona jinsi Luka 10 inavyoubana mwili na moyo wa kijana atajifunza mengi kwao.

Kwa kawaida huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sala, maandiko, kifungua kinywa, kisha barabara. Mlango wa kwanza hauna mtu. Wa pili anatoka mtoto aliyetumwa kusema mama hayupo, na sauti ya mama inasikika uani. Wa tatu wanakaribishwa kwa chai, ambayo kwa kanuni ya kanisa lao hawanywi, kwa hiyo wanaomba maji na kumshukuru mwenyeji kwa moyo. Wanasikilizwa vizuri, wanaambiwa warudi Alhamisi. Alhamisi mlango una kufuli.

Halafu jioni mama mmoja anawaita wale naye. Kijana aliyelelewa Utah anajifunza kufinyanga tonge la ugali kwa mkono wa kulia, watoto wa nyumba wanamfundisha, na kwa nusu saa amesahau miguu inavyomuuma. Neno la Yesu kuhusu kula kilichoandaliwa lina upole mkubwa ndani yake. Mhubiri anaanza kwa kupokea. Mwenyeji ndiye anayetoa kwanza.

Lakini pengine sehemu ngumu kuliko milango ni ile ya wawili wawili. Mmisionari hamchagui mwenzake. Anapangiwa na rais wa misheni, na tangu siku hiyo wanalala chumba kimoja, wanapika pamoja, wanatembea pamoja, wanaudhika pamoja. Mmoja ni mwepesi wa maneno, mwingine mzito. Mmoja amefiwa wiki hii na yuko mbali na kwao. Kila baada ya wiki sita hivi huja habari za uhamisho, na aliyekwisha kuzoeleka anafunga sanduku. Hadi mapema 2019 kijana aliweza kuongea na nyumbani kwa simu siku chache tu katika mwaka, kama Krismasi. Sasa anaruhusiwa kila wiki. Katika maisha hayo ya wawili, upendo kwa jirani unapimwa kabla hata ya kutoka nje, kwa kuosha sufuria ambayo hukuitumia.

Gordon B. Hinckley, aliyekuja kuliongoza kanisa hilo kuanzia 1995 hadi 2008 na kufika Nairobi mwaka 1998, alikaribia kukata tamaa akiwa mmisionari. Alipelekwa Preston, Uingereza, mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Sehemu ya nauli na matumizi ilitokana na chenji ambazo mama yake, aliyekwisha kufariki, alikuwa akizidunduliza benki kwa ajili ya misheni za wanawe. Chavua ya nyasi ilimsumbua, watu hawakumjali. Akamwandikia baba yake kwamba anapoteza muda wake na fedha za mzee. Jibu likaja fupi: ajisahau, afanye kazi. Hinckley alisoma pia maneno ya Yesu kuhusu kuipoteza nafsi kwa ajili ya Injili, akapiga magoti, na baadaye akaitaja siku hiyo kuwa ndiyo iliyogeuza maisha yake.

Wale sabini walirudi wakishangilia: hata pepo wamewatii! Yesu hakuwanyang'anya furaha hiyo, ila aliihamisha. Wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni, na jambo hilo lilikuwa kweli hata katika miji waliyofukuzwa. Ndiyo maana inahuzunisha kumsikia ndugu akimpokea kijana anayerudi kutoka misheni uwanja wa ndege kwa swali la aliwabatiza wangapi.

Kwa hesabu ya namna hiyo, Samuel Smith, anayetambuliwa kuwa mmisionari wa kwanza wa kanisa lao, alishindwa. Alitoka peke yake Juni 1830, na begi la nakala za Kitabu cha Mormoni mgongoni, akatembea kilomita 40 hivi, akafukuzwa kwenye nyumba ya wageni na kulala chini ya mtufaa. Alirudi akiona safari haikuzaa kitu. Lakini nakala aliyomuuzia Phineas Young na nyingine aliyomwachia Rhoda Greene, dada yake Phineas, zilisomwa katika ukoo ule, na mdogo wao, Brigham, aliyekuja kuliongoza kanisa hilo, akabatizwa Aprili 1832. Samuel hakungoja matunda hayo ndipo arudi kazini. Mwaka 1831 alikwenda Missouri na Reynolds Cahoon, na 1832 akatembea hadi Boston na Maine na Orson Hyde. Safari zote hizo mbili alikuwa na mwenzake.