Je, ni Halali Kumwacha Mwenzako Mlimani?

Ndugu wasomaji, liko swali ambalo watu huulizana wakati wa maafa, nalo ni gumu kujibiwa katika saa ile. Kwa hiyo ni vema tulifikiri sasa, tungali wazima na mioyo imetulia. Swali ndilo hili: Watu wawili wamekwenda pamoja safari ya hatari. Mmoja aona ya kwamba mbele kuna mauti, asema, "Turudi." Mwenzake akataa. Je, imempasa yule wa kwanza kukaa naye, hata ikiwa ni kufa pamoja? Au ni halali ashuke peke yake na kuiponya nafsi yake?

Huku kwetu Lusewa hatuna mlima wa theluji. Lakini wako watu waingiao porini kurina asali mahali penye tembo, na wako wavukao mito wakati wa masika maji yakiwa yamejaa. Tena katika nchi yetu wako vijana wengi ambao kazi yao ni kuwachukulia wageni mizigo katika mlima Kilimanjaro. Basi neno hili ni letu pia. Nitalieleza kwa habari ya mlima ulio mbali, maana huko limeonekana wazi kuliko mahali pengine.

Mlima Everest uko mpakani mwa Nepali na Tibeti, nao ni mrefu kupita milima yote ya dunia. Kimo chake ni mita 8,848 na zaidi kidogo. Kilimanjaro ni mita 5,895. Kule juu hewa ni nyembamba sana, hata mtu avutapo pumzi kileleni hupata kadiri ya theluthi moja tu ya ile aipatayo mtu wa pwani. Kwa sababu hii karibu wapandaji wote huchukua oksijeni katika chupa. Tenzing Norgay na Edmund Hillary, waliofika kwanza tarehe 29 Mei 1953, walitumia chupa hizo. Waliothubutu kwanza kufika bila chupa ni Reinhold Messner na Peter Habeler, mwaka 1978. Tangu hapo wengine wamewafuata, lakini si wengi, na wako ambao hawakurudi.

Mwaka 2024 ndugu mmoja wa Kenya, jina lake Cheruiyot Kirui, mfanya kazi wa benki na mpandaji hodari, alikwenda Nepali akitaka kukifikia kilele kile pasipo chupa. Kiongozi wake alikuwa Nawang Sherpa. (Washerpa ni kabila la watu wa milimani huko Nepali, nao ndio wawaongozao wageni na kuwachukulia mizigo.) Tarehe 22 Mei, wakiwa wamekikaribia kilele, habari zao zikakatika. Kesho yake mwili wa Kirui ulionekana karibu na kilele, Nawang hakurudi. Ikatangazwa ya kwamba kabla ya kunyamaza, Nawang alikuwa amesema kwa simu ya upepo na watu wa kambini, akawaambia ya kuwa hali ya mwenzake si ya kawaida, tena anakataa kushuka na anakataa chupa ya oksijeni. Kwa kadiri ya habari hizo, Nawang alikaa naye.

Watu waliposikia walisema maneno mengi. Wengine walisema juu ya Kirui, "Sikio la kufa halisikii dawa." Ndugu zangu, tusifanye haraka kumhukumu marehemu. Penye hewa nyembamba namna ile akili ya mtu huvurugika. Huweza kuona yasiyokuwapo, na kudhani ya kuwa ana nguvu hali nguvu zimekwisha. Labda aliyekataa kushuka hakuwa yule mtu tuliyemjua, bali ni ugonjwa uliosema kwa kinywa chake. Sisi hatukuwapo. Mwenye kujua ni Mungu.

Wengine walisema juu ya Nawang, "Yeye ni mtu wa mshahara, na mshahara haununui roho ya mtu. Kwa nini asishuke?" Neno hili lataka kupimwa vizuri. Bwana wetu, katika sura ya kumi ya Injili ya Yohana, amesema habari za mtu wa mshahara amwonaye mbwa mwitu akakimbia na kuwaacha kondoo. Sisi tulisomapo hudhani ya kuwa ubaya ni mshahara. Sivyo. Bwana mwenyewe ameonyesha sababu yake: mtu yule hawajali kondoo. Nawang alipokea mshahara wake, na hata hivyo hakukimbia. Na sisi wachungaji na wainjilisti, ambao twapokea posho ya sharika, imetupasa kujiuliza: Siku mbwa mwitu atakapokuja, tutaonekana kuwa watu gani?

Lakini je, ni sheria kwamba kila mtu afe pamoja na mwenzake? Baba yetu Martin Luther aliulizwa swali lililo karibu na hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na watumishi wa Mungu wa mji wa Breslau walitaka kujua kama ni halali kwa Mkristo kuukimbia ugonjwa ule. Luther mwenyewe hakuondoka Wittenberg; alikaa akawatunza wagonjwa. Walakini hakuwafungia wengine mzigo usiochukulika. Alijibu ya kwamba mtu aliyefungwa na kazi yake au na udugu wake, kama mchungaji, hakimu, mzazi, au jirani wa mgonjwa asiye na mwingine, hana ruhusa ya kumwacha yule amtegemeaye. Lakini wagonjwa wakiwa na watu wa kutosha wa kuwatunza, asiyefungwa na wajibu huo aweza kuondoka pasipo dhambi, maana kuilinda nafsi ni jambo aliloliweka Mungu. Kisha akaongeza neno ambalo husahauliwa mara nyingi: Mtu adharauye dawa na kujitupa katika hatari, akijiita mwenye imani, huyo anamjaribu Mungu, tena aweza kuwaua na wengine.

Kwa maneno hayo mimi naona hivi. Maadamu liko la kumsaidia mwenzako, umefungwa naye: kumvuta, kumsihi, kumfunika, kumwitia watu. Kumwacha wakati huo kwa ajili ya raha yako au sifa yako ni dhambi. Lakini ikiwa msaada wote umekwisha, na kukaa kwako hakumwongezei hata saa moja, aliyeshuka asiitwe mwuaji. Na aliyekaa mpaka mwisho ametoa zawadi ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuidai, wala bwana aliyemwajiri, wala rafiki, wala kanisa. Tuiheshimu, lakini tusiigeuze kuwa sheria ya kuwapigia wajane na yatima, tukisema, "Mbona fulani alikaa, na wako alirudi?"

Sasa tumtazame yule wa pili, maana kwake ndiko swali lilikoanzia. Watu wengi siku hizi husema, "Maisha ni yangu, nikifa, nimekufa mimi." Neno hilo lingekuwa kweli kama mtu angekwenda peke yake, wala hana mama, wala mke, wala rafiki. Lakini waendao pamoja ni kama wamefungwa kamba moja. Rafiki mwema hatakuacha. Na kwa sababu hatakuacha, kila hatua unayoipiga kwenda mbele unampigisha na yeye. Kadiri mwenzako alivyo mwaminifu, ndivyo ukaidi wako ulivyo wa hatari kwake. Rafiki mbaya angekimbia akapona. Yule mwema ndiye atakayekufa. Basi upendo wa mwenzako ni deni juu yako, nawe huna ruhusa kuutumia kama mali yako.

Mfalme Daudi alilijua jambo hili. Alikuwa ngomeni, na Wafilisti walikuwa Bethlehemu, naye akatamani maji ya kisima cha mji wake. Mashujaa watatu walisikia, wakapenya katikati ya adui, wakamletea maji. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliyaona kama damu ya watu wale waliohatirisha roho zao. Kutamani kwake hakukuwa dhambi, maana nani asiyetamani maji ya kwao? Lakini alipoona gharama yake imelipwa na nafsi za wengine, kiu yake ilinyamaza. Kila mtu mwenye watu chini yake, au mwenye rafiki ampendaye, na ajiulize kabla ya kunywa: Maji haya yameletwa kwa roho ya nani?

Jamaa za Kirui walituonyesha jambo kama hilo. Sisi Waafrika twajua uzito wa kumzika mtu wetu kwao. Ndugu akifa mbali, ukoo mzima huchanga fedha, na watu husafiri siku nyingi ili alale karibu na babu zake. Na asiyerudishwa, mama yake hulia vilio viwili. Lakini jamaa zile walitangaza ya kwamba wamekubali mwili wa mtu wao ubaki mlimani, maana kuuteremsha kutoka kimo kile kungewatia watu wengine katika hatari ya kufa. Hebu fikirini, ndugu: walikuwa na haki ya kulia na kudai, nao wakaimimina haki yao chini, kama Daudi alivyoyamimina maji. Washerpa ambao wangetumwa kuuchukua mwili ule wana mama zao pia. Wala tusidhani ya kwamba aliyelala katika barafu amepotea kwa Mungu. Siku ile ya ufufuo bahari itawatoa waliomo ndani yake, na mlima nao utawatoa wake.

Yatupasa kufanya nini, basi? Naona ni kufanya agano la kurudi tukiwa bado chini. Wapandaji wenye busara huweka saa: ikifika, mtu hugeuka hata akiwa karibu na kilele. Mwezi wa Mei 1996 saa hiyo haikushikwa. Dhoruba ikawakuta juu, na watu 8 wakafa, pamoja na Rob Hall, kiongozi kutoka New Zealand, aliyekaa karibu na kilele na mteja wake aliyeishiwa nguvu. Lakini mwezi wa Mei 2006 Dan Mazur na wenzake watatu, wakielekea kileleni, walimkuta Lincoln Hall wa Australia, ambaye alikuwa ameachwa ikidhaniwa amekufa. Walikaa naye saa nyingi mpaka wachukuzi walipofika, na kilele wakakiacha. Siku chache kabla, upande ule ule wa mlima, Mwingereza David Sharp alikuwa akifa kando ya njia, na watu kadiri ya 40 walipita. Wako waliojaribu kumsaidia, lakini wengi walikwenda zao. Kilele kipo hata leo. Mtu akifa harudi.

Na sisi tufanye hivyo katika mambo yetu. Mnaokwenda kurina asali, semeni kabla ya kuondoka nyumbani: "Mmoja akisema turudi, tutarudi wote, wala hapatakuwa na kuchekana." Mwenye mtumbwi asiwaaibishe abiria waogopao maji. Mgonjwa akataaye kupelekwa hospitali, hali mkewe anakesha naye mpaka mwili wake umedhoofika, ajue ya kuwa hakatai kwa nafsi yake tu. Na mzee wa usharika aanzishaye kazi kubwa kupita nguvu za watu, kwa kuwa ataka jina, naye anapanda mlima, akiwaburuta wengine kwa kamba.

Wahenga walisema, "Mpanda ngazi hushuka." Sisi tuongeze: ashuke pamoja na yule aliyepanda naye. Bwana wetu aliupanda mlima mmoja peke yake, yaani Golgotha, hali rafiki zake walikuwa wamekimbia, naye hakuwahesabia kosa lile. Amekwisha kufa kwa ajili ya watu wote, kwa hiyo hatudai mwingine afe kwa ajili ya sifa zetu. Mungu awafariji jamaa za Kirui na jamaa za Nawang, tena atupe sisi masikio ya kusikia mwenzetu asemapo, "Turudi." Amina.

Ndugu yenu katika Bwana,
Mchungaji wa Lusewa, Songea