Jina la Mpemba lilitangulia

Alibisha hodi saa nane mchana, umeme umekatika na feni imenyamaza. "Shikamoo, mwalimu." Nilimfundisha binti huyu shahada ya kwanza, sasa ana uzamili, na macho ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Alikuja na karatasi mbili. Ya kwanza mkataba wa kazi kwenye mradi wa utafiti wa afya, miaka miwili, kwa mshahara ambao mimi niliupata nikiwa na mvi. Ya pili nafasi ya uzamivu ng'ambo, posho ya kubana mkanda. "Mwalimu, ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Sisi wakongwe wa vyuoni tukiulizwa njia hujibu kwa kusimulia safari zetu. Nilishafika kwenye "enzi zetu sisi" nilipomwona amefungua daftari, kalamu iko tayari. Nikaona haya. Enzi zetu, kusema kweli, mimi sikulelewa. Nilitumwa.

Nilikuwa na umri kama wake. Miezi mitano nilizunguka vijijini, madodoso nimeyafunga kwenye mfuko wa rambo yasilowe, nikihesabu vyandarua na kuuliza nani kalala chini ya kipi. Usiku naingiza majibu daftarini kwa taa ya chemli. Makala ilipotoka jaridani nililitafuta jina langu kati ya waandishi. Walikuwa sita, mimi simo. Nikashuka mpaka chini kabisa, kwenye shukrani, nikajikuta nimeandikwa baada ya dereva. (Dereva sina ugomvi naye. Alitukwamua matopeni mara nyingi kuliko wale sita walivyofika kijijini.) Nilipomuuliza msimamizi wangu alicheka kwa upole, akaniambia mimi bado kijana, zangu zitakuja.

Ndiyo maana kila nikisikia neno "mlezi" kwenye semina zetu, na siku hizi tunalisikia sana, humkumbuka Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza askirimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unatia kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ndogo na wenzake wanamtangulia, akatia yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipokuja kuuliza sababu akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu wa fizikia alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia, na darasa zima likapata utani: kila alipokosea hesabu, ikawa hesabu ya Mpemba.

Baadaye, hapo hapo Mkwawa, alikuja kuzungumza na wanafunzi Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali lake lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne naye hakuliamini sana, lakini aliahidi kulijaribu. Akarudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akaleta habari kwamba kweli, maji ya moto yaliganda kwanza, ila wasiwe na shaka, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi!

Mwaka 1969 makala ilichapishwa kwenye jarida la Physics Education. Waandishi wawili: Mpemba, halafu Osborne. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe lipo au ni namna ya kupima tu, na wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi hubaki kwenye ule mpangilio wa majina. Daktari wa chuo kikuu kakaa nyuma ya kijana wa askirimu.

Na kijana mwenyewe wala hakuwa mwanafizikia. Makala inatoka, yeye yuko Mweka, Moshi, anasomea wanyamapori, na katika fani hiyo ndimo alimofanya kazi yake ya maisha. Wengine husikitika wakilisikia hilo, kana kwamba Osborne alipanda mche ukaota pori. Mimi sioni hivyo. Swali lilikuwa la Mpemba, na maisha nayo yalikuwa yake.

Basi nikameza "enzi zetu". Nikamwomba binti ule mkataba wa mradi, tukausogeza dirishani penye mwanga, tukausoma mstari kwa mstari. Kurasa kumi na moja. Posho ya safari ipo, bima ipo, fidia ya kupoteza kompyuta ya mradi ipo, na ni kali. Takwimu atakazokusanya ataruhusiwa kuziandikia nini, na jina lake likae wapi, hakuna hata sentensi moja.

"Hili niliulize?" akasema. "Hawataniona mjuaji?"

"Uliza kwa maandishi," nikamwambia. "Na wale wa ng'ambo waulize hivyo hivyo."

Jioni alinitumia ujumbe. Wa ng'ambo walishajibu, kwa mistari mitatu. Wa mradi walisema watamjibu Jumatatu. Leo Alhamisi.