Harufu ya Mkate Ni ya Nani?

Mkate wa duka hapa Sigor unafika nyumbani kimya, umefungwa kwa karatasi. Jirani hajui unao. Wa kujipikia ni tofauti. Unga, maji, chumvi na hamira unaviacha viumuke, kisha sufuria yenye mfuniko, makaa machache chini, mengi juu. Ikianza kuiva, ploti nzima inajua.

Abunuwasi alimlipa tajiri aliyedai pesa za harufu kwa mlio wa sarafu, tukacheka. Sasa geuza kesi: mpishi naye anadaiwa? Unga ni wako, sawa, lakini mtoto wa mlango wa pili hakuomba kutamanishwa. Mimi nasema anakudai kipande. Na kama ndio unga wa mwisho, na una wako wawili? Bado kipande, ila chembamba.